Leja ya dawa ni ya nani?

Rafiki msomaji, hebu fikiria jambo hili. Umembeba mdogo wako mgongoni, homa imempanda tangu usiku. Mmefika zahanati, amepimwa, amekutwa na malaria. Halafu mnaambiwa: "Dawa ya mseto imeisha, kanunueni duka la dawa muhimu." Mtoto mwenyewe ana miaka 3. Kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, mtoto wa chini ya miaka 5 anatakiwa kutibiwa bila malipo kwenye kituo cha Serikali. Unatoka pale umenuna. Njiani unakutana na wenzako, na kesi inaamuliwa papo hapo chini ya mkorosho: nesi anauza dawa.

Labda anauza. Labda hauzi. Ukweli ni kwamba wewe hujui, wenzako hawajui, na hata mwenyekiti wa kijiji huenda hajui. Kinachojua ni daftari moja lililolala kwenye rafu ya stoo ya zahanati. Linaitwa leja ya dawa. Humo kila dawa ina ukurasa wake: ilipokelewa lini na ngapi, ikatolewa lini na ngapi, zikabaki ngapi.

Sasa swali: lile daftari ni la nani? Waulize vijana wa Nachingwea na Ruangwa, kuanzia Kilimarondo mpaka Mandawa, usikie. Wengi watakuambia "la nesi". Wengine watasema "la Serikali", wakiwa na maana kwamba wewe halikuhusu. Majibu yote mawili yana kasoro, na kasoro hiyo ndiyo inayotufanya tubaki chini ya mkorosho tukihukumu watu bila ushahidi.

Sheria inasemaje?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 18, inampa kila raia haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Kwa miaka mingi haki hiyo ilikuwa kama mgeni aliyekaribishwa ndani lakini hajapewa kiti. Ilikuwepo, ila hakuna aliyekuambia uende kwa nani, na usubiri siku ngapi. Mwaka 2016 Bunge likapitisha Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, ambayo inatumika Tanzania Bara. Kanuni zake zikafuata.

Sheria hiyo inasema raia anaweza kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Hapo wamo halmashauri ya wilaya, serikali ya kijiji, shule ya Serikali na zahanati. Wamo pia watu binafsi na mashirika yanayotumia fedha za umma. (Ndiyo, hata sisi wa mashirika tukishika fedha za umma tunaulizwa. Msitucheke.) Ombi liwe la maandishi na lieleze vizuri unachotaka. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa sababu ya ulemavu, anasema kwa mdomo na afisa anamwandikia. Ofisi ikishapokea ombi ina siku zisizozidi 30 kukujibu kwa maandishi kama taarifa ipo na kama utapewa. Unaweza kutozwa gharama ya kutoa nakala, basi. Ada ya usumbufu haipo.

Umeliona hapo neno raia? Halikuandikwa raia msomi, wala raia wa chama fulani, wala raia mwenye kaya yake.

Lakini ipo milango iliyofungwa, na mmoja wapo unatuhusu sana sisi wa afya. Leja ya dawa inasema dozi ngapi zimetoka. Rejesta ya wagonjwa inasema nani alikuja na aliumwa nini. Hii ya pili huombi. Fikiria ingekuwa wewe: ulikwenda kutibiwa kisonono, au ulifuata sindano ya uzazi wa mpango bila wazazi kujua, halafu kikundi cha vijana kinakaa na rejesta kinasoma majina. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 imetamka wazi kwamba majibu ya kipimo cha mtu ni siri. Kwa hiyo idadi omba, majina usiombe. Nesi akikataa kukupa rejesta yenye majina amefanya kazi yake, mpigie makofi. Milango mingine iliyofungwa ni kama usalama wa Taifa, uchunguzi ambao bado unaendelea, na siri halali za biashara. Idadi ya vidonge vya mseto haimo kwenye usalama wa Taifa.

Waganda waligundua nini?

Kabla hatujafika kwenye barua, twende kidogo Uganda, maana kisa chake kimesomwa dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali kule Kampala ilikuwa ikitoa ruzuku kwa shule za msingi kulingana na idadi ya wanafunzi. Vitabu vya Hazina vilionyesha fedha zimetoka. Mwaka 1996 wachunguzi wakachukua vitabu hivyo, wakaenda kwenye shule 250 kuangalia vitabu vya shule. Kumbe kati ya mwaka 1991 na 1995, kwa wastani, asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo ilifika shuleni. Kwa kila shilingi 100 zilizotoka, shilingi 13. Nyingine ziliishia katikati, kwenye ngazi za wilaya.

Serikali ya Uganda ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika ukutani kiasi zilichopokea. Miaka michache baadaye sehemu kubwa ya fedha ilikuwa inafika. Wataalamu wanabishana mpaka leo kama ni gazeti lililofanya kazi au ni mabadiliko mengine yaliyokwenda sambamba nalo. Mimi nadhani ni yote mawili. Ila kuna jambo moja katika kisa hiki ambalo hupita bila watu kulitazama: wazazi na walimu wa zile shule hawakunyamaza kwa sababu ni waoga. Wengi hawakujua kama ruzuku yenyewe ipo. Utaulizaje kitu usichojua kama kimetumwa?

Huku kwetu, tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinatumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo, hata zahanati ya kijijini. Zamani ungeambiwa "fedha ziko wilayani". Siku hizi zahanati ya kijiji chako ina akaunti yake, na mapato na matumizi yake yanaandikwa. Je, uliwahi kuyaona?

Karatasi zenyewe ni zipi?

Hapa ndipo vikundi vingi vinapoanguka. Vinaandika: "Tunaomba taarifa za zahanati." Ombi kama hilo limekufa kabla bahasha haijafungwa. Ukienda dukani husemi "naomba bidhaa", unasema "nipe sabuni ya kipande, ile ya buluu". Na karatasi ni hivyo hivyo, ziitwe kwa jina na kwa tarehe.

Tuanze na kijiji. Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji. Huo unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi ya kijiji yanaposomwa. Karatasi inayosomwa inaitwa taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, kwa hiyo robo ya kwanza ni Julai hadi Septemba, ya pili ni Oktoba hadi Desemba, na kuendelea. Karatasi nyingine ni muhtasari wa mkutano wenyewe. Usiudharau muhtasari. Humo ndimo mnamokuta kwamba mwaka juzi "wananchi wote waliridhia" jambo ambalo hakuna mwananchi anayelikumbuka.

Zahanati ndiyo yenye utajiri. Ukiacha leja ya dawa, kuna nakala ya maombi ya dawa yaliyotumwa. Kuna hati iliyokuja na mzigo kutoka Bohari ya Dawa, ambayo kwa watu wa Lindi na Mtwara inahudumiwa na kanda ya Mtwara. Kwa kawaida mzigo hupokelewa mbele ya mashahidi kutoka kijijini, nao huweka sahihi. Waulize ni akina nani, pengine mmoja wao ni jirani yako. Kuna taarifa ya mapato na matumizi ya kituo, inayoonyesha fedha zilizotoka Serikalini, za bima na za papo kwa papo. Halafu kuna mihtasari ya Kamati ya Usimamizi wa Kituo. Kamati hiyo ina wajumbe waliotoka kwa wananchi, na mganga mfawidhi ndiye katibu wake. Kama hujui wajumbe wenu ni nani, swali lako la kwanza ni hilo, na halihitaji barua.

Huko juu halmashauri kuna bajeti. Korosho zikipigwa mnada kupitia chama kikuu cha RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kuna ushuru wa mazao unaoingia halmashauri. Mwaka 2017 ushuru huo kwa mazao ya biashara ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Bado ni fedha nyingi msimu ukiwa mzuri, na ni halali kuuliza ziliingia ngapi na zilikwenda wapi. Kwa Ruangwa, ambako madini ya kinywe yanachimbwa Matambarare, marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanamtaka mwekezaji awe na mpango wa kila mwaka wa kuisaidia jamii, uliokubaliwa na halmashauri. Mpango huo nao ni karatasi, na ina jina.

Mwenyekiti ni mjomba wako

Sasa tuongee lile ambalo sheria haikuliandika. Katika vikao vya vijana ninavyoendesha, nikimaliza kusoma vifungu, mtu ananyoosha mkono nyuma: "Dada, hayo tumeelewa. Ila mwenyekiti ni mjomba wangu."

Na kwetu kusini mjomba si mtu wa kujibizana naye, iwe kwa Wamwera, kwa Wayao au kwa Wamakonde. Mjomba ndiye anayesimama kwenye posa yako. Ndiye anayeulizwa ukipata matatizo. Leo umwandikie barua ya kudai hesabu? Nyumbani utaambiwa umekosa adabu, na kijijini utaambiwa umetumwa. "Nani yuko nyuma yako?" ni swali ambalo kijana anayeuliza hesabu atalisikia kabla hajapewa jibu lolote. Kwa msichana ni mara mbili, maana ataambiwa pia kwamba mwanamke wa namna hiyo hataolewa. (Wanaolewa, tena vizuri tu. Lakini tuendelee.)

Hofu hii si upuuzi, na sitakudanganya kwamba utaimaliza kwa kusoma makala moja. Yapo mambo matatu yanayoipunguza. La kwanza, barua iende kwa cheo, isiende kwa mtu. Huandiki kwa mjomba, unaandika kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, ambaye ni mwajiriwa na ndiye mtunza kumbukumbu, au kwa Mganga Mfawidhi wa Zahanati. La pili, barua iwe ya kikundi. Sahihi 8 za kikundi cha vijana, cha timu ya mpira, cha kwaya au cha kikoba zinamfanya kila mmoja wenu apumue. Nani atasema mmetumwa wote? La tatu, nenda kwa mjomba kabla ya barua. Mwamkie, kaa chini, mwambie: "Mjomba, shikamoo. Kesho tutaleta barua ofisini kuomba nakala za zahanati, tusome kwenye kikundi chetu. Nimeona nikuambie mapema usije ukaisikia njiani." Utashangaa. Viongozi wengi wanachokichukia zaidi ni kushtukizwa mbele za watu. Tena wapo ambao nao wamekuwa wakizitafuta karatasi hizo hizo wasizipate.

Barua yenyewe

Usitumie maneno makali, wala usitumie maneno ya mahakamani. Barua fupi ya kiofisi, kama mlivyofundishwa shuleni, inatosha. Mfano huu unaweza kuunakili na kujaza nafasi:

Kikundi cha Vijana ............
Kijiji cha ............
Kata ya ............
Wilaya ya Nachingwea / Ruangwa
Tarehe ............

Mganga Mfawidhi,
Zahanati ya ............

YAH: OMBI LA NAKALA ZA TAARIFA ZA ZAHANATI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni vijana wakazi wa kijiji hiki. Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya mwaka 2016, tunaomba kuona na kupata nakala za taarifa zifuatazo za kipindi cha Julai hadi Septemba mwaka huu:

1. Ukurasa wa dawa ya mseto katika leja ya dawa.
2. Nakala ya maombi ya dawa yaliyotumwa, na hati ya mzigo uliopokelewa kutoka Bohari ya Dawa.
3. Taarifa ya mapato na matumizi ya zahanati.

Hatuombi majina wala kumbukumbu za mgonjwa yeyote. Gharama za fotokopi tuko tayari kulipia.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
(majina na sahihi)

Nakala: Afisa Mtendaji wa Kijiji, Mwenyekiti wa Kamati ya Usimamizi wa Kituo.

Umeona? Dawa moja, robo moja. Ukiomba leja nzima ya miaka mitano, nesi aliye peke yake kwenye zamu, mwenye mama anayejifungua chumba cha pili, atakuona adui, na mimi sitamlaumu.

Sasa sikiliza jambo hili kwa makini. Chapa au andika barua mbili zinazofanana. Moja unaiacha, nyingine inagongwa muhuri au inasainiwa "imepokelewa" na tarehe, unaondoka nayo. Mtu wa Nachingwea hana haja ya kufundishwa hili. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho mwaka 2007, kila mkulima anajua kwamba gunia lililoingia ghalani bila stakabadhi ni gunia ulilolitoa sadaka. Basi barua iliyoingia ofisini bila "imepokelewa" nayo ni hivyo hivyo. Kesho wakisema hawajaiona, utaonyesha nini? Zile siku 30 zinahesabiwa kuanzia kupokelewa. Barua ikipokelewa tarehe 1 Oktoba, siku ya 30 ni tarehe 31 Oktoba. Iandike kwenye daftari la kikundi.

Hakuna muhuri? Sahihi na tarehe zinatosha. Amegoma kusaini? Peleka ukiwa na mwenzako, andikeni nyuma ya nakala yenu siku, saa na aliyeipokea.

Umepewa. Sasa soma

Tuseme umepewa ukurasa wa mseto. Unasoma: salio la mwanzo wa robo dozi 20. Zimepokelewa dozi 300. Zimetolewa kwa wagonjwa dozi 210. Salio la mwisho, sifuri.

Chukua kalamu. 20 na 300 ni 320. Toa 210, zinabaki 110. Kitabu kinasema sifuri. Dozi 110 ziko wapi?

Hapa ndipo kijana anaposimama na kupiga kelele "Wizi!" Tulia kwanza. Dawa hutoka stoo kwa njia zaidi ya mbili. Zinaweza kuwa zimepita muda wake zikatengwa ziteketezwe. Zinaweza kuwa zimepelekwa zahanati ya jirani iliyoishiwa, jambo ambalo linafanyika kila siku na ni zuri. Anayejaza anaweza kuwa amesahau ukurasa wa mwezi mmoja. Na ndiyo, zinaweza kuwa zimeibwa. Kila moja ya hizo ina karatasi yake: dawa zilizokwisha muda zina orodha, zilizohamishwa zina hati yenye sahihi ya aliyepokea. Kwa hiyo swali lako linalofuata ni jepesi na halimtukani mtu: "Tunaomba kuona hati ya hizi dozi 110." Yenye hati, imeisha. Isiyo na hati, sasa una jambo la kupeleka kwenye kamati, na una namba mkononi.

Lakini mara nyingi kinachokuja ni kitu kingine kabisa. Unalinganisha maombi ya dawa na hati ya mzigo, unakuta zahanati iliomba dozi 500 na zikaja 120. Mstari kwa mstari: glovu ziliombwa, hazikuja. Vitendanishi vya malaria viliombwa, zikaja nusu. Yule nesi mliyemhukumu chini ya mkorosho, mkawa mnapanga kumwandikia barua ya kumkataa, amekuwa akiomba kila mara na kuletewa robo ya alichoomba. Akifukuzwa, kijiji kitakaa miezi bila mhudumu, na dawa bado hazitakuja. Swali linahama. Sasa ni la Mganga Mkuu wa Wilaya na la diwani wenu: kwa nini maombi yetu hayatimizwi, na fedha zilizoko kwenye akaunti ya kituo zimetumikaje kununua zilizopungua? Nesi mwenyewe anaweza kusimama upande wenu kwenye swali hilo, maana yeye ndiye anayetukanwa kila siku kwa dawa ambazo hakuletewa.

Tahadhari moja. Sheria ile ile iliyokupa haki inakataza kupotosha taarifa uliyopewa, na adhabu yake ni kifungo. Kama kitabu kinasema 110, usiandike 1,100 kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Wala usiandike "nesi kaiba" pale ambapo karatasi inasema tu kwamba salio halilingani. Bandika namba kama zilivyo, na swali chini yake.

Na wakikunyima?

Siku 30 zimepita kimya, au umejibiwa "haiwezekani". Kwanza omba sababu kwa maandishi, unastahili kupewa. Jibu "hizo taarifa hatuna sisi" siyo mwisho, muulize aliyenazo ni nani, kisha andika tena kwa huyo. Kama zipo wilayani, barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Sheria inazitaka ofisi ziwe na afisa wa taarifa, kwa hiyo ukifika makao makuu ya halmashauri ulizia ni nani, usizunguke mlango kwa mlango.

Ukinyimwa rasmi, una siku 30 za kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, naye ana siku 30 za kuamua. Bado hujaridhika, unakata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana na sheria hiyo. Ni safari ndefu kwa ukurasa mmoja wa leja, najua. Vikundi vingi havitafika huko. Njia ya karibu zaidi ni mkutano mkuu wa kijiji. Mpe mtendaji taarifa mapema kwamba mnataka suala hilo liwe ajenda, njooni na nakala yenye "imepokelewa", na mmoja wenu asimame aseme kwa utulivu tarehe barua ilipopokelewa na siku zilizopita. Angalieni tu kalenda. Wakati wa minada ya korosho watu wako AMCOS, na mkutano usiotimia hauna nguvu.

Kama namba zimeonyesha kabisa kwamba mali imepotea na hakuna hati, hapo ndipo ofisi ya TAKUKURU ya wilaya inapohusika. Pelekeni nakala, ile halisi ibaki kwenye kikundi. Na kwa halmashauri nzima kuna ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yule tunayemwita CAG, ambayo hufikishwa Bungeni kila mwaka kwenye mwezi wa Aprili na kutangazwa kwa umma. Hiyo huna haja hata ya kuiombea barua. Anayejua kutumia intaneti kwenye simu aipakue, mtafute jina la halmashauri yenu, msome aya hizo kwa sauti kwenye kikundi.

Nakala mlizopata ziwekeni kwenye faili moja, robo kwa robo. Mtunza faili asiwe yule anayetegemea kuhamia Dar es Salaam mwezi ujao.